Jiwe la Safari

Mwaka wa mwanzo Rosebellah alidhani ile soksi ya sufu iliyolala nyuma ya droo ya dawa ilikuwa na tasbihi ndani. Aliisikia ikigongana kila alipotoa vidonge vya presha, akaisukuma pembeni na kufunga droo. Alikuwa amesomea kazi ya kuuguza wazee, na jambo la kwanza alilofundishwa ni kwamba droo ya mgonjwa haipekuliwi.

Mgonjwa mwenyewe aliitwa Umm Yassir, yaani Mama Yassir. Jina la kuzaliwa lilikuwa Solveig, lakini mjini Riyadh hakuna aliyewahi kulitamka sawasawa isipokuwa mumewe, na mume alikuwa amezikwa mwaka wa sita sasa. Alikuja kutoka Norwe akiwa nesi kijana, akaolewa na daktari wa hospitali aliyofanyia kazi, akasilimu, akamzaa Yassir, akazeekea huko huko. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne. Magoti yalikuwa yamegoma, macho yalikuwa yameingia ukungu, na watu wa kuzungumza naye walikuwa wawili tu: Rosebellah mchana kutwa, na Yassir dakika kumi kila jioni akitoka ofisini.

Waliishi ghorofa ya nne huko Sulimaniyah, juu ya duka la mazulia na mkahawa wa Waturuki. Kelele za barabara zilipanda hadi dirishani, lakini watu wenyewe hawakupanda. Rosebellah, mwanamke wa miaka arobaini na moja kutoka Kimilili, alikuwa amefikia hatua ya kuwajua wapita njia kwa utosi wa vichwa vyao.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja bibi aliomba soksi.

"Nipe ile ya sufu. Na utandike taulo mezani."

Aliingiza mkono ndani, akatoa kokoto moja nyeusi, laini, ya kutosha kiganjani. Juu yake palikuwa na mstari mmoja wima, umechorwa kwa msumari na kupakwa rangi nyekundu ya kucha.

"Leo ni barafu," alisema. "Maana yake tulia, usisukume jambo. Kwa mtu asiyeweza hata kufika msalani peke yake, ni ushauri wa bure."

Rosebellah alirudi nyuma hatua moja. "Mama, hii ni ramli?"

"Ni ramli. Hizi ni herufi za kale za kwetu, wazee walikuwa wakichonga nazo majina juu ya mawe na mifupa. Mimi na rafiki yangu tuliokota kokoto hizi pwani tukiwa wanafunzi wa unesi, tukazichora. Ziko ishirini na nne, na kila moja ina maana yake."

"Mimi ni Mkristo, Mama. Kanisa letu ni Friends. Sitazigusa."

"Na mimi ni Mwislamu. Mwanangu akiziona atazitupa, na jirani akisikia tutapata mashaka makubwa. Kwa hiyo usiziguse. Wewe nishikie taulo tu, lisiteleze."

Basi ikawa kila asubuhi Rosebellah anashika taulo. Alijiambia kwamba kushika taulo si dhambi. Bibi alitoa kokoto yake moja, akaipapasa, akasema neno: leo mvua ya mawe, leo mgeni, leo mavuno. Kisha alikaa nayo mkononi mpaka chai ipoe. Hakuna mgeni aliyewahi kuja.

Rosebellah naye alikuwa na lake. Alikuwa na mdogo wake, Nekesa, kitinda mimba wa mama yao, aliyepishana naye miaka kumi na miwili. Rosebellah ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kusuka nywele kwa nyuzi za mkonge, na ndiye aliyemtafutia kazi ya nyumbani Jeddah. Alimwambia watu wa huko ni wazuri ukijua kunyamaza. Mwezi wa tano wa mwaka huo Nekesa alipiga simu akilia: madam anamfungia ndani, simu anaipata kwa kuiba. Rosebellah alimwambia avumilie. Akapiga tena, akaambiwa tena avumilie, mkataba ni miaka miwili tu, itaisha. Mara ya tatu haikuwa simu bali ujumbe: *Nimetoka. Usinitafute kwa madam.*

Tangu hapo ilikuwa imepita miezi saba. Rosebellah alikuwa akimtumia sauti za kurekodi, na alama zilionyesha kwamba zimesikilizwa, lakini jibu halikuja. Kila mara alisema Ijumaa ijayo nitaomba ruhusa nije. Ijumaa ilifika, akakumbuka kwamba Jeddah ni mbali, kwamba bosi hatakubali, kwamba bibi hana wa kumlaza, na kwamba kumtafuta mtu asiye na ikama, kibali cha kuishi, kunaweza kumharibia hata yeye. Sababu zote zilikuwa za kweli. Ndiyo maana zilimtosha.

Mama yao alipiga simu mwanzoni mwa Desemba. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Rose, mimi nazeeka. Uliniambia huko mko wawili. Sasa mko wangapi?"

"Namtafuta, Mama."

"Unamtafuta umekaa wapi?"

Baada ya simu Rosebellah alikwenda kukunja mashuka chumbani kwa bibi, akakunja shuka moja mara tatu.

"Mama," alisema mwishowe, "hayo mawe mtu anaweza kutolewa na mwingine?"

Bibi aligeuza uso kumwelekea. "Huyo mtu ana swali?"

"Ana mdogo wake."

Akamweleza yote pale pale, shuka mkononi. Umm Yassir hakusema pole. Aliomba soksi na taulo, akamwambia akae upande wa pili wa meza, akaingiza mkono. Mkono ulikaa ndani muda mrefu kuliko siku zote, kokoto zikisagana taratibu. Kisha ukatoka, ukaweka kokoto moja katikati ya taulo.

Rosebellah aliinama kuitazama. "Hii ni herufi ya jina langu."

"Imefanana na R ya siku hizi, ndiyo. Sisi tunaiita Raido. Ni safari. Zamani ilikuwa kupanda farasi, siku hizi hata ndege. Ikimtokea mtu, anaambiwa aingie njiani, aache kukaa akijiuliza. Lakini si kwenda tu kama mzigo. Ni kwenda ukiwa wewe ndiye umeshika hatamu, na unajua kwa nini unakwenda."

"Na ikitoka kichwa chini?"

"Basi safari ina kasoro. Utachelewa. Au utafika, na yule unayemwendea asiwe tena yule uliyemwacha. Wengine husema ni ugomvi wa watu wa karibu."

"Hii imesimama au imepinduka?"

"Wewe unaionaje?"

"Imesimama."

"Basi kwangu imepinduka, maana tumekaa tukitazamana." Bibi alitabasamu kidogo. "Inasomwa kwa macho ya mwenye swali. Kwako imesimama. Nenda."

Jioni hiyo Umm Yassir alimwambia mwanawe kwamba anataka kuiona bahari kabla macho hayajazimika. Familia ilikuwa na fleti Jeddah, imefungwa tangu mzee afariki. Yassir alipinga: daktari atasema nini, ndege, kiti cha magurudumu, vumbi. Mama yake aligeukia upande wa Rosebellah, na Yassir naye akamtazama.

"Daktari hatakataa," alisema Rosebellah. "Hewa ya huko itamfaa. Nitakuwa naye."

Yassir alishika kipaji cha uso. "Wiki moja, Mama. Halas, basi."

Walifika Jeddah siku ya Alhamisi, hewa nzito ikawapokea kama kitambaa kilicholowa. Usiku huo Rosebellah alimwandikia Jackton, dereva Mkenya mtu wa Webuye, ambaye namba yake ilikuwa imekaa kwenye kundi la simu la waumini mwaka mzima. Alimuuliza kama amewahi kusikia jina la Nekesa. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini.

*Nekesa wa kusuka? Si yuko huku mtaa wa Karantina. Kila mtu anamjua. Kesho naweza kukupeleka, sista.*

Rosebellah aliusoma ujumbe ule mara nyingi. Miezi saba, na kumpata mdogo wake kumbe kulihitaji mstari mmoja wa maneno.

Ijumaa baada ya swala Yassir alimchukua mama yake kwenda kula kwa shangazi zake. "Leo Rosebellah anapumzika," bibi alitangaza akiwa tayari kwenye kiti, na mwanawe hakubisha. Jackton alikuwa akingoja kona ya pili. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipomtazama abiria wake kwenye kioo aliyapunguza. Walipita mtaa wa Ghulail, kwenye maduka madogo yenye magunia ya unga na vitenge vilivyoning'inizwa milangoni, wakaingia Karantina, ambako njia zilizidi kuwa nyembamba mpaka gari likakoma.

"Jengo lile la bluu. Ghorofa ya pili, mlango wenye pazia. Mimi niko hapa."

Pazia lilikuwa la maua. Ndani palikuwa na feni, kitanda cha chuma, jiko la gesi, na mwanamke aliyekaa kwenye mto huku nusu ya kichwa chake ikiwa imesukwa. Nyuma yake alisimama Nekesa, kichana mdomoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimwona dada yake mlangoni, na mikono yake haikusimama.

Alitoa kichana mdomoni. "Keti, Dada. Nimalize huu upande."

Rosebellah alikaa pembeni mwa kitanda. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kukumbatiana, hata kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kungoja zamu. Alikaa karibu nusu saa akitazama vidole vya mdogo wake vikigawa nywele, na yule mteja, Atieno, akieleza habari za mwenye nyumba kana kwamba hakuna jambo. Alipomalizwa, Atieno alijitazama kiooni, akawatazama wale wawili, akasema anakwenda kutafuta maziwa. Hakurudi.

"Nani amekuleta?" Nekesa aliuliza.

"Jackton."

"Siulizi gari."

"Mama anakuulizia kila siku. Halali usingizi."

"Mama najua. Nakuuliza wewe. Leo kuna nini?"

Rosebellah angeweza kutunga jambo. Lakini mbele ya mtoto aliyembeba mgongoni ulimi ulikataa kutunga. Akamweleza habari za bibi, za soksi, za kokoto yenye herufi ya R, na maana yake.

Nekesa alicheka. Kilikuwa kicheko chake kile kile cha utotoni, cha kuanzia tumboni, na kwa kitambo kifupi Rosebellah alidhani mambo yatakuwa mazuri. Kisha kikakatika.

"Nimesikiliza sauti zako zote, Dada. Kila moja Ijumaa ijayo, Ijumaa ijayo. Kumbe ulikuwa unangoja jiwe likutume."

Alinyoosha mkono kuchukua birika, na Rosebellah akaona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimesimama pembeni, hakikunjiki.

"Hicho kidole?"

"Mlango. Aliufunga nikiwa nimeushika. Ilikuwa kati ya ile simu ya kwanza na ya pili."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia mkono unauma. Ukaniambia ni ugeni wa kazi, nitazoea."

Feni ilizunguka. Kutoka chini ilisikika sauti ya mtu akiita jina la mtu mwingine, tena na tena. Rosebellah alisema nisamehe, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake aliona lilivyo dogo. Nekesa alimimina chai vikombe viwili, akaweka sukari kwenye cha dada yake bila kuuliza, vijiko vitatu, kama alivyokuwa akinywa nyumbani.

"Twende pamoja," Rosebellah alisema. "Nitaongea na watu wa ubalozi. Nitakushughulikia karatasi."

"Sikia, Dada. Nina mpango wangu. Nitajisalimisha kwa serikali siku nikiwa tayari, wanirudishe. Nitafika kwa Mama mwenyewe, kwa miguu yangu. Sitaki uniokoe. Ukiniokoa utajisikia vizuri, na mimi nitakuwa nakushukuru mpaka nife." Aliweka kikombe chini. "Na Mama usimwambie umeniona. Niapie."

Rosebellah aliapa.

Walimaliza chai. Alipoinuka kuaga, Nekesa alimtazama kichwani, akavuta mto kwa mguu.

"Hizo nywele zako ni aibu. Kaa chini."

Alimsuka kwa saa nzima na zaidi. Rosebellah alikaa kati ya magoti ya mdogo wake, akisikia kile kidole kisichokunjika kikigusa shingo yake kila mstari ulipokwisha, na machozi yakamtoka bila sauti. Kama Nekesa aliyaona, hakuyataja. Mwishoni alimpa kioo cha mkononi, akamwambia magharibi inakaribia, aende.

Kwenye fleti Umm Yassir alikuwa amesharudi, amechoka, amekaa sebuleni na viatu miguuni. Rosebellah alipopiga magoti kumvua, bibi alipapasa kichwa chake.

"Umesukwa. Basi umempata."

"Nimempata. Jiwe lako lilikuwa limepinduka, Mama. Nimefika, na siye niliyemwacha."

Bibi aliondoa mkono kichwani mwake. Kisha akasema, "Jiwe halikutoka lenyewe. Nililitafuta."

"Unasemaje?"

"Nazijua zote kwa vidole. Miaka mingi sasa. Asubuhi naweza kujizuia nisichague, siku ile sikujizuia. Lililokuja mkononi kwanza lilikuwa lile la barafu. Nikaliacha, nikaendelea kupapasa mpaka nikalipata la safari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitaka kuja Jeddah, na nilijua Yassir atakuuliza wewe, si mimi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, sitakuficha. Ya pili, nilikuwa nimechoka kukusikia jikoni ukiiahidi simu."

Rosebellah aliingia jikoni akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Alikuwa na hasira ya mtu aliyetumiwa, na chini yake nyingine mbaya zaidi, kwa kuwa hakuwa na wa kumtupia isipokuwa nafsi yake. Barafu. Tulia, usisukume jambo. Angetolewa jiwe lile angerudi kukunja mashuka, tena kwa furaha. Siku mbili alimpa bibi dawa, alimwogesha, akamjibu naam na hapana.

Siku ya tatu asubuhi Yassir aliwapeleka kwenye ufuo, akabaki garini na simu yake. Rosebellah alisukuma kiti mpaka ukingoni mwa ukuta wa mawe. Palikuwa na upepo, na maji yalikuwa na rangi mbili, kijani karibu na buluu nzito mbali.

"Iko wapi?" bibi aliuliza.

"Iko mbele yako, Mama."

"Mbele wapi?"

Ndipo Rosebellah alipoelewa. Yale macho hayakuwa yakizimika, yalikuwa yamekwisha kuzimika, na bibi alikuwa amelificha jambo hilo kwa mwanawe ili asikatazwe safari. Alikuwa ametoka Riyadh kuja kuona mwanga mweupe na kusikia maji. Mikono yake ilikuwa magotini, mitupu.

"Nimechelewa na mimi," alisema.

Hasira ya Rosebellah haikuisha pale, lakini aliiweka kando. Alichuchumaa kando ya kiti, akaanza kumweleza. Hapa karibu ni kijani, kama chupa. Pale mbele kuna ndege mweupe amekaa juu ya nguzo. Kuna mfuko wa plastiki unaelea. Kuna mtu na mkewe wamekunja nguo wameingiza miguu majini. Bibi alimuuliza mawimbi yakoje, yana urefu gani, yanavunjika wapi, naye akamjibu moja baada ya jingine, mpaka Yassir alipopiga honi.

Walirudi Riyadh. Bibi hakuiomba tena ile soksi, na Rosebellah hakumuuliza. Asubuhi walikunywa chai tu.

Mama alipopiga simu, Rosebellah alisema bado anatafuta. Alisema hivyo Januari, akasema hivyo Februari, na kila mara mama yake alikata simu mapema zaidi. Alikuwa akijua mtoto yuko wapi, anakunywa chai ya aina gani, anacheka vipi, na hakuwa na mtu hata mmoja wa nyumbani wa kumwambia. Kwa Nekesa aliacha kutuma sauti za ahadi. Alituma salamu fupi kila Ijumaa, zisizotaka jibu. Zilisikilizwa.

Katikati ya Machi, saa sita mchana, simu ililia akiwa jikoni anapika wali.

"Rose! Nekesa amefika!" Mama alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake kulikuwa na sauti za majirani na kuku. "Ameingia hapa saa hii hii, na begi lake begani! Alijipeleka mwenyewe kwa serikali, wakamkalisha wiki tatu, wakampandisha ndege. Mtoto wangu!"

Rosebellah aliweka mwiko chini. "Asante Mungu."

"Nimemuuliza kama mlionana. Anasema hamkuonana hata siku moja. Kumbe huko ni kukubwa namna hiyo?"

"Ni kukubwa, Mama."

"Haya, Mungu amefanya lililokushinda. Usijali. Ongea naye."

Simu ilibadilisha mikono. Zile kelele za nyuma zikapungua, kama mtu aliyetoka nayo uani.

"Dada."

"Naam."

Rosebellah alipunguza moto chini ya wali.

"Huko joto limeanza?" Nekesa aliuliza, kama mtu asiyewahi kufika.

"Limeanza kidogo."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula, Dada," alisema Nekesa. Kisha mama akaichukua simu, kulikuwa na mgeni mwingine mlangoni, na laini ikakatika.

Chini barabarani magari yalikuwa yakipiga honi. Bibi alikuwa amelala, Yassir hangerudi mpaka jioni. Rosebellah alizima gesi, akapakua sahani moja ya wali, akaula akiwa amesimama palepale kando ya jiko, wote, ingawa hakuwa na njaa.